Walipewa Namba Wakiwa Hai: Historia ya Kuhesabu Vifo vya Magonjwa ya Kazi

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Kwa wasomaji vijana ambao neno hili wamelikuta vitabuni tu, manamba walikuwa vibarua walioandikishwa katika mikoa ya mbali na kusafirishwa kwenda kufanya kazi za mkataba katika mashamba makubwa, hasa ya mkonge. Jina lenyewe limetokana na namba aliyopewa kila mmoja wao. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge Tanganyika kilikuwa na ofisi maalumu ya kuandikisha watu, SILABU, iliyowafuata vibarua Njombe, Songea, Rungwe, Kigoma na hata ng'ambo ya mipaka. Babu alitoka Njombe. Alifanya kazi Tanga kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza katika chumba cha brashi, mahali ambapo nyuzi zilizokwisha kukauka husuguliwa kwa mashine na vumbi lake kujaa hewani. Alirudi nyumbani na kikohozi. Alifariki mwaka 1987, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa. Wazee walisema amekufa kwa kifua. Tukazika, tukaanua matanga.

Alipokuwa hai, babu alikuwa na namba katika orodha ya mwajiri, na alikuwa na kipande chenye nafasi thelathini, kila nafasi ikitiwa alama kwa siku aliyoimaliza kazi. Mwajiri alijua kwa hakika ni siku ngapi za maisha yake amezinunua. Kifo chake hakikupata namba yoyote. Hakuna kitabu cha hospitali, cha serikali wala cha shamba kilichoandika kwamba mtu huyu, aliyefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, amekufa kwa ugonjwa huu. Simtuhumu mtu kwa kifo chenyewe. Huenda babu angekufa kwa kifua hata kama angebaki kwao akilima mahindi. Ninacholalamikia ni kwamba swali halikuulizwa.

Malalamiko hayo hunirudia kila ninaposoma takwimu za dunia. Mwezi Septemba 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa kwa pamoja makadirio yaliyosema kwamba mwaka 2016 watu wapatao milioni 1.9 walikufa kwa magonjwa na ajali zitokanazo na kazi, na kwamba asilimia 81 ya vifo hivyo vilitokana na magonjwa. Mwezi Novemba 2023 ILO, safari hii peke yake, ikatoa hesabu nyingine: mwaka 2019 walikufa watu milioni 2.93, kati yao milioni 2.6 kwa magonjwa na 330,000 kwa ajali. Kati ya mwaka 2016 na 2019 hapakuzuka balaa lolote la kuua wafanyakazi milioni moja zaidi. Ninapowaonyesha wanafunzi wangu takwimu hizi mbili, wapo wanaocheka na kusema kwamba wakubwa wa Geneva wanapika namba.

Siungani nao. Historia ya namna wafu hawa walivyohesabiwa inatufundisha kwamba namba zote mbili ni kazi ya uaminifu, na kwamba zote mbili zina pengo. Pengo hilo si bahati mbaya. Tangu mwanzo, wafu wa kazi waliohesabiwa ni wale ambao mtu fulani alijali kuwauliza walifanya kazi gani, au kuwauliza ndugu zao. Swali lilipofika, wafu waliongezeka. Lisipofika, watu wakafa kwa kifua.

Swali lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka mia tatu. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari wa Kiitalia aliyekuwa akifundisha tiba mjini Modena, alichapisha kwa Kilatini kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Alisimulia kwamba wazo la kitabu hicho lilimjia alipomwona mtu aliyekuwa akisafisha shimo la choo nyumbani kwake akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida. Alipomuuliza sababu, mtu yule alimweleza kwamba anayekaa mle muda mrefu huharibika macho na mwisho hupofuka. Ramazzini aliyachunguza macho yake, kisha akawakuta mjini wasafisha vyoo wenzake waliokwisha kupofuka, wakiomba sadaka. Tangu hapo aliwasihi madaktari waongeze swali moja katika maswali ya kale ya Hippocrates: unafanya kazi gani?

Tuangalie kwa makini alichokifanya. Kama angeishia pale shimoni, angewaona watu wenye macho mazima tu, kwa sababu aliyepofuka hawezi tena kuifanya kazi ile. Ilimbidi awafuate mjini walioiacha. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya somo hili: anayehesabu wagonjwa mlangoni mwa kiwanda huwahesabu wazima, kwa kuwa wagonjwa wamekwisha kwenda zao.

Hatua ya pili ilipigwa Uingereza katika karne ya 19. Usajili wa vifo kwa sheria ya kiraia ulianza huko Julai 1837, na miaka miwili baadaye William Farr akaanza kazi katika ofisi kuu ya usajili. Farr alikuwa na vitabu viwili mkononi: kimoja kiliorodhesha vifo pamoja na kazi za marehemu, na kingine, sensa ya mwaka 1851, kilionyesha ni watu wangapi walio hai katika kila kazi. Akachukua idadi ya waliokufa katika kazi fulani na umri fulani, akaigawa kwa idadi ya walio hai katika kazi na umri huohuo. Kwa hesabu hiyo nyepesi iliwezekana kulinganisha mshona nguo na mkulima, mchimba madini na mtumishi wa dukani. Katika miaka ya 1860 tume iliyochunguza migodi ya bati na shaba ilitumia takwimu za Farr kuonyesha kwamba wachimbaji wa jimbo la Cornwall walikufa kwa magonjwa ya mapafu kuliko wanaume wenzao wasiochimba.

Njia ya Farr ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ilitegemea kazi iliyoandikwa siku ya kifo. Mchimbaji aliyeishiwa pumzi, akaacha mgodi na kufungua kilabu cha pombe, alikufa akiwa muuza pombe. Mapafu yaliharibika katika kazi moja, kifo kikaandikwa katika nyingine.

Hatua ya tatu ilikuwa ya wanasheria. ILO ilianzishwa mwaka 1919, na mwaka 1925 ikapitisha mkataba kuhusu fidia kwa magonjwa ya kazi. Orodha ya mkataba huo ilikuwa na magonjwa matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Mwaka 1934 orodha ilirekebishwa na kufikia magonjwa kumi, likiwemo la silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la mawe yenye silika. Orodha hizi zilikuwa ushindi kwa wafanyakazi, maana aliyeugua ugonjwa uliotajwa hakulazimika tena kuthibitisha upya kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Lakini orodha ni kama mlango: humwingiza mmoja na kumwacha nje mwingine. Ugonjwa usiokuwemo haukulipiwa fidia. Usiolipiwa fidia haukuripotiwa, na usioripotiwa ukasemekana kwamba haupo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambayo uchimbaji wake ulianza mwaka 1886. Wachimbaji weupe wengi wa mwanzo walitoka hukohuko Cornwall. Walikuwa mabingwa wa kutoboa mwamba, na mashine mpya za kutobolea zilitoa vumbi laini lisiloonekana. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, wakuu wa migodi waligundua kwamba kati ya watobozi 1,400 hivi waliokuwa kazini kabla ya vita, zaidi ya 200 walikuwa wamekwisha kufa. Serikali ya Transvaal ikaunda tume ya uchunguzi. Wakati huohuo wengine walikuwa wakirudi kwao Cornwall kufia nyumbani. Huko walimkuta J. S. Haldane na wenzake, ambao katika taarifa yao ya mwaka 1904 walivipitia vifo vya wachimbaji wa Cornwall na kuifuatilia historia ya kazi ya marehemu. Ikabainika kwamba wengi wa waliokufa mapema walikuwa wametumia mashine za kutoboa mwamba, na wengi wao ng'ambo, Transvaal. Wafu wa Johannesburg walihesabiwa katika vijiji vya Uingereza kwa sababu vijiji vile vilikuwa na daftari la vifo na mtu wa kuuliza.

Lakini sehemu kubwa ya watu walioteremka katika migodi ile hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waafrika kutoka Msumbiji, Basutoland, Nyasaland, Transkei na kwingineko, waliokusanywa na shirika la kuandikisha vibarua ambalo watu wa kusini mwa Afrika walilijua kwa jina la Wenela. Katika miaka ya 1950 Wenela ilichukua vijana hata katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, na mlango huo ulifungwa baada ya Uhuru. Mchimbaji mweupe alipimwa na ofisi maalumu ya madaktari iliyoanzishwa mwaka 1916, akapigwa picha ya eksirei, na mafaili yake yakatunzwa. Mchimbaji mweusi alipimwa uzito. Akionekana amekonda au ana kifua kikuu, mkataba wake ulikatishwa naye akarudishwa kwao. Takwimu rasmi zilizotokana na utaratibu huo zilionyesha kwamba weusi waliugua silikosisi kidogo kuliko weupe. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo, ulioandaliwa na ILO na kugharimiwa na chama cha wenye migodi. Sayansi ya dunia kuhusu silikosisi ikajengwa kwa sehemu kubwa juu ya namba ambazo hazikuwafuata watu makwao.

Walipofuatwa, namba zilibadilika. Katika miaka ya 1990, utawala wa ubaguzi ukiwa unaondoka, watafiti walikwenda vijijini, Thamaga nchini Botswana na Libode katika jimbo la Eastern Cape, wakawapima wanaume waliowahi kuchimba dhahabu. Thamaga walikuta zaidi ya robo yao wana mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Libode hali ilikuwa ya namna hiyohiyo. Wengi wao hawakuwa wamelipwa senti. Aidha, sheria ya Afrika Kusini inaruhusu mapafu ya mchimbaji aliyefariki yachunguzwe kwa ajili ya fidia. Katika kumbukumbu za uchunguzi huo, silikosisi ilionekana kwa asilimia 3 ya wachimba dhahabu weusi mwaka 1975, na kwa asilimia 32 mwaka 2007. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na wachimbaji hao kukaa migodini miaka mingi zaidi kuliko zamani. Ndiyo kusema kwamba mikataba mifupi ya awali ilikuwa imewatawanya wagonjwa mbali na macho ya daktari, na kuwatoa kabla ugonjwa haujakomaa.

Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mchimbaji Thembekile Mankayi alikuwa na haki ya kuishtaki kampuni iliyomwajiri, AngloGold Ashanti. Hukumu ilisomwa siku chache baada ya yeye mwenyewe kufariki. Uamuzi huo ulifungua njia ya kesi ya pamoja ya maelfu ya wachimbaji, na mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kulipa randi bilioni 5. Wanaohusika ni waliofanya kazi katika migodi husika kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mzee wa Rungwe aliyekwenda na kurudi katika miaka ya 1950 hayumo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Afrika peke yake. Mwaka 1930, karibu na mji mdogo wa Gauley Bridge katika jimbo la West Virginia, Marekani, ilianza kazi ya kutoboa njia ya maji kupitia mlima ili kuzalisha umeme. Mwamba ule ulikuwa na silika nyingi, na ulitobolewa bila maji ya kutosha ya kuzuia vumbi. Takribani robo tatu ya wafanyakazi walikuwa watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta riziki wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Walianza kufa katika muda wa miezi, na waliobaki na nguvu za kutembea wakatawanyika kurudi kwao. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilipoketi mwaka 1936, idadi iliyotajwa ilikuwa vifo 476. Nusu karne baadaye daktari Martin Cherniack aliichukua idadi ya watu waliofanya kazi ndani ya mlima, akakadiria wangekufa wangapi kama wangekuwa wanaume wa kawaida wa umri wao, akalinganisha na waliokufa kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 alifikia makadirio ya vifo 764. Hakufukua kaburi hata moja. Aliuliza swali kwa namna nyingine: si nani amethibitishwa kufa kwa vumbi, bali ni vifo vingapi vimezidi.

Gauley Bridge na Witwatersrand zinatuonyesha pazia la kwanza linaloficha vifo vya kazi, yaani mahali: mtu huugulia kwingine na kufia kwingine. Pazia la pili ni muda. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani adimu ya utando wa mapafu, wengi wao wakiwa wameishi au kufanya kazi katika maeneo ya asbesto ya Cape kaskazini, Afrika Kusini. Saratani hiyo huweza kuchukua miaka ishirini hadi hamsini kujitokeza. Mtu aliyevuta nyuzi za asbesto akiwa mtoto anayecheza karibu na mgodi huweza kufa akiwa mwalimu mstaafu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika magonjwa ya kazi methali hii hugonga mwamba, kwa kuwa kifo kikija, maradhi na kazi vimekwisha kusahauliana.

Pazia la tatu ni gumu zaidi, nalo ni wingi wa sababu. Mesothelioma hueleza kwa kiasi kikubwa ilikotoka. Saratani ya mapafu haielezi, kwa sababu huweza kuletwa na sigara, na moshi wa dizeli, na asbesto, au na vyote kwa pamoja. Kiharusi hakielezi chochote. Ndipo wataalamu walipogeukia hesabu za sehemu. Tuseme tafiti zimeonyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wa ugonjwa fulani, 15 wasingeugua kama kazi zao zingekuwa salama. Ikiwa nchi ina vifo 1,000 vya ugonjwa huo, vifo 150 vinahesabiwa kuwa vya kazi, ingawa hakuna awezaye kunyoosha kidole kwenye kaburi moja na kusema hili ni mojawapo. Ni hesabu halali. Hata hivyo kila kitu kinategemea ile 15 imetoka wapi.

Mwaka 1978 wanasayansi wa taasisi za serikali ya Marekani walitoa waraka uliosema kwamba katika miaka iliyokuwa ikija, asilimia 20 au zaidi ya saratani nchini mwao ingeweza kutokana na kazi. Mwaka 1981 Richard Doll na Richard Peto, katika kazi waliyoifanya kwa ajili ya Bunge la nchi hiyohiyo, wakasema ni asilimia 4 ya vifo vya saratani. Kati ya 20 na 4 palikuwa na hatima ya sheria nyingi, na wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi kila mmoja alichukua namba iliyomfaa. Makadirio ya dunia nzima yalifuata katika miaka ya 1990, yalipotajwa vifo milioni 1.1 hivi kwa mwaka. Baadaye wataalamu wa ILO walitumia kwa dunia yote, pamoja na marekebisho, sehemu zilizokadiriwa na watafiti wa Finland mwaka 2001 kwa ajili ya nchi yao. Ndivyo namba ilivyopanda hadi milioni 2, mwaka 2017 ikawa milioni 2.78, na mwaka 2023 ikawa milioni 2.93.

Sasa tunaweza kuwajibu wanafunzi wangu. Makadirio ya pamoja ya mwaka 2021 yalihesabu jozi 41 tu za hatari na madhara yake, zile ambazo ushahidi wake ulionekana unatosha. Makadirio ya ILO ya mwaka 2023 yalifungua mlango mpana zaidi. Wote walikuwa wakiitazama dunia ileile. Hata ndani ya yale ya mwaka 2021 kuna somo: yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Watu hao walikuwepo makaburini zamani. Waliingia katika hesabu ya kazi siku mtu alipouliza walifanya kazi saa ngapi.

Namba ya Finland nayo inaniachia tafakuri. Finland ina daftari la magonjwa ya kazi, ina wakaguzi, ina sheria. Mfanyakazi wa nchi maskini anayepumua vumbi bila kinga huingia katika takwimu za dunia kwa kipimo kilichokatwa kwa mwili wa Mfini. Si kosa la Wafini; wao walifanya kazi yao, na waliofanya hesabu za dunia walitumia walichokikuta. Waliokosekana ni sisi.

Nasema sisi kwa sababu uwezo tunao. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti uliopima mapafu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, na katika miaka ya 2000 watafiti wetu walirudi katika viwanda vya Tanga na kukuta kikohozi na kubanwa kifua vikiwa vingi hasa kwa watu wa chumba cha brashi. Vilevile walipima vumbi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mfuko hulipa kwa ugonjwa uliotambuliwa na kuripotiwa, kwa mfanyakazi mwenye mwajiri. Mchimbaji mdogo anayeponda mawe ya dhahabu mchana kutwa, mke wake anayeyasaga, na kibarua aliyestaafu bila karatasi wataendelea kufa kwa kifua.

Wala haitupasi kusubiri hadi kila kijiji kiwe na mtaalamu wa kuchunguza maiti. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa AMMP uliofanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulitafuta sababu za vifo kwa kuwahoji ndugu wa marehemu, na njia hiyo imeendelea kutumika nchini. Ni njia ya karibu sana na ile ya Cornwall ya mwaka 1904. Ninachopendekeza ni kwamba katika kila mahojiano ya aina hiyo, na katika kila fomu ya kifo, kuwe na swali linaloulizwa kwa ukamilifu wake: marehemu alifanya kazi gani kwa muda mrefu zaidi maishani mwake, wapi, na kwa miaka mingapi? Si kazi ya mwisho, maana tumeona kosa hilo lilivyomgharimu Farr.

Isitoshe, sisi majibu tunayo tayari, na tunayasoma kwa sauti. Katika mazishi yetu mtu husimama na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alianza kuugua lini, alitibiwa hospitali gani. Kazi na ugonjwa huwa katika ukurasa mmoja, sentensi chache tu kutoka kwa mwenzake. Mama yangu anakumbuka kwamba kwenye mazishi ya babu ilisemwa alifanya kazi ya mkonge Tanga, kisha ikasemwa aliugua kifua kwa muda mrefu. Waombolezaji waliitikia, karatasi ikakunjwa, ikatiwa mfukoni.

Mtendaji wa kijiji alikuwepo pale, amekaa kwenye benchi la mbele. Angeweza kuiomba ile karatasi.